Nyumba ya Pennant Hills Isiuzwe

Jumapili, 29 Agosti 2021

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Naipenda nyumba hii kuliko ninavyowapenda baadhi ya jamaa zangu. Simtaji mtu.

Cheryl.

Haya, nimeliandika. Sasa naweza kupumua.

Naandika Kiswahili kwa sababu za usalama. Mdogo wangu Cheryl ana miaka kumi na miwili, na Kiswahili anakielewa akisemeshwa, lakini kukisoma hawezi. Mama na Baba wanakisoma vizuri mno, ndiyo maana daftari hili linaishi ndani ya jalada la kitabu cha kemia. Kwetu hakuna anayefungua kemia kwa hiari yake.

Leo baada ya chakula Baba alituita sebuleni. Akakohoa. Baba akikohoa kabla ya kusema, ama kuna mtu amekufa ama kuna kitu kinauzwa. Hakuna aliyekufa. Nyumba inauzwa! Alieleza kwamba tangu ndege zilipoacha kuruka kwa sababu ya korona, basi lake la uwanja wa ndege halina abiria, na Mama hawezi kubeba nyumba nzima kwa zamu zake za uuguzi kule hospitali ya Westmead. Watanunua ndogo, St Marys, karibu na stesheni. Mama akasema ni nyumba nzuri, ina kila kitu. Nikauliza ina vyumba vingapi vya kulala. Mama akaangalia dari.

Viwili! Kimoja chao, kingine chetu. Mimi na Cheryl. Cheryl anayeimba akiwa usingizini. Sisemi anakoroma. Anaimba, na kiitikio anakirudia.

Chumba changu kilikuwa baraza. Mwenye nyumba wa zamani aliiziba kwa vioo, akajenga rafu hadi juu. Kitanda changu kimeingia katikati ya rafu kama kitabu kimojawapo. Shuleni siwezi kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda msalani bila kujaribu sentensi kwanza moyoni. Humu ndani nasema chochote, kwa sauti, hata hotuba. Nikilala chumba kimoja na Cheryl sitasema tena.

Kulia hakusaidii. Cheryl alilia, akapewa aiskrimu, akanyamaza. Mimi nina akili. Nitauzuia huu uuzaji.

Jumatatu, 30 Agosti

Dalali amekuja. Kijana, suti ya buluu, viatu bila soksi, barakoa yenye picha yake mwenyewe akitabasamu. Alisema nyumba ni ya kupendeza sana na kwamba tuondoe karibu kila kitu kilichomo. Picha za harusi. Kalenda ya kanisa. Kisha akaonyesha vitambaa vya makochi, vile Mama alivyovifuma kwa mkono mmoja mmoja, akasema vinafanya macho ya mnunuzi yachoke.

Mama alivitoa mwenyewe, polepole, kama anayemvua marehemu saa. Baba alinong'ona kwamba sasa makochi yako uchi. Mama akamjibu kwamba hata yeye angevuliwa kama angekuwa amewekwa kochini.

Rafu zangu: dalali anataka vitabu vitatu kila rafu, na chungu cha maua. Vitatu! Nikakubali kwa upole wa kutisha, nikachagua mwenyewe. Rafu ya kwanza: kimoja kuhusu mchwa, kimoja kuhusu ukungu wa kuta, kimoja kuhusu majirani wanaoshtakiana mahakamani. Mnunuzi ataviona. Mnunuzi ataanza kufikiri.

Saa moja baadaye: dalali amevigeuza vyote, migongo imeelekea ukutani. Anasema rangi hazikuoana na maua.

Jumatano, 1 Septemba

Nimetenda jambo kubwa. Nitaliandika kwa utulivu.

Kila Jumatano jioni ushirika wetu wa maombi, wa Wakenya wa huku ughaibuni, unakutana kwa Zoom. Mimi ndiye fundi wa mitambo. Nilichaguliwa kwa sababu sisemi, kwa hiyo hakuna anayeogopa kwamba nitachukua muda. Nafungua mlango, nazima maikrofoni za watu wanaokaanga vitunguu. Pia nilitengeneza kisanduku cha maombi, ambamo mtu anaweza kuingiza haja yake bila jina, na katibu, Mama Aketch wa Granville, anaisoma.

Mama alikuwa ameomba waziwazi tupate mnunuzi mwema. Amina, amina, wakaendelea. Ndipo nilipotuma yangu. Niliifanyia rasimu tatu:

"Wapendwa, tuna nyumba yetu. Imeamuliwa iuzwe na sisi hatuna nguvu ya kuzuia. Naomba tusimame pamoja: nyumba hiyo isiuzwe. Ni mimi, mhitaji."

Nilikusudia waseme amina moja tu, ya kusawazisha ile ya Mama. Basi.

Mama Aketch alisoma, akavua miwani. "Wapendwa, kati yetu kuna mtu anafukuzwa kwake, na janga hili, na baridi hii!" Watu wakaanza kulia kwenye vijisanduku vyao. Akauliza nani atasimama na familia hiyo.

Mama yangu akainua mkono. Mama yangu mzazi! Alikuwa bado na sare ya kazi. Aliomba mpaka simu ikateleza kutoka kwenye bakuli la matunda lililoiegemeza. Nyumba hiyo isiuzwe! Bwana, yeyote anayekuja kuwatoa hao watu, mfungie njia! Afike langoni asiweze kuingia!

Watu wote: Amina! Mimi pia: Amina. Maikrofoni yangu ilikuwa wazi. Mama Aketch akasema ametiwa moyo kusikia sauti ya kijana.

Alhamisi, 2 Septemba

Upepo ulivuma asubuhi. Tawi la mkalitusi mkubwa ulio mbele ya nyumba yetu limeanguka. Limelala njia nzima ya gari, kutoka lango hadi gereji.

Dalali alifika na mnunuzi wa kwanza. Akasimama langoni. Hakuweza kuingia.

Mama dirishani alisema tawi hili ni kazi ya shetani kabisa. Mimi nilikwenda chumbani, nikakalia mikono yangu. Sikujua Mama ana nguvu kiasi hiki. Naogopa. Najivunia kidogo. Je, ni dhambi kumtumia mzazi kama silaha ikiwa hajui kwamba anatumika?

Kwenye bustani ndege mmoja mweusi mwenye shingo nyekundu, anayefanana na bata mzinga aliyekosa malezi, tayari ameanza kurundika majani juu ya tawi. Yeye hana wasiwasi wa makazi.

Jumapili, 5 Septemba

Ushirika umeanza upelelezi. Mhitaji ni nani? Mama Aketch amempigia Mama simu, na spika ilikuwa wazi, kwa hiyo sikusikiliza kwa siri, nilisikia tu nikiwa nyuma ya mlango. Walipitia familia moja baada ya nyingine. Mwisho wakakubaliana: ni Mzee Ephraim wa Granville. Anaishi peke yake, na kamera yake imekuwa giza wiki kadhaa. Mtu akizima kamera, alisema Mama Aketch, ujue anaficha masanduku ya kuhama.

Hafichi chochote. Anaifunika kwa kidole gumba. Nimemwambia mara nyingi.

Mama Aketch alimpigia kumchunguza kwa hekima, akamuuliza mambo ya nyumba yakoje. Akajibu, "Yote anayajua Mungu, mwanangu." Hivyo ndivyo anavyojibu kila swali, hata ukimuuliza saa. Lakini Mama Aketch aliposikia hivyo alilia.

Sasa wamepanga zamu za chakula. Mwenye kibali cha kupita upande ule anaacha sufuria mlangoni na kurudi nyuma. Mchuzi wa kuku niliousubiri tangu asubuhi umepakiwa, umekwenda Granville na Mama akielekea kazini. Sisi tumekula maharage ya kopo. Cheryl aliuliza kwa Kiingereza kwa nini mtu mwingine anakula kuku wetu. Mama akamjibu kwamba kuna watu wanapoteza nyumba zao, ashukuru.

Cheryl akaniangalia. Sijui kwa nini aliniangalia.

Jumatano, 8 Septemba

Leo Mzee Ephraim aliondoa kidole gumba. Uso wake unang'aa! Alishukuru kwa upendo asioujua umetoka wapi. Alisema amelazimika kuomba jirani sehemu ya friji. Akaongeza kwamba hachagui chakula, ila kama kuna mtu anafikiria chapati, zile za tabaka humkumbusha mkewe marehemu, na kwamba ndengu sasa zinatosha.

Mama Aketch alifuta machozi. Tazameni, wapendwa, jinsi mtu anavyoweza kutania akiwa ndani ya tanuri!

Imetangazwa siku ya kufunga, Ijumaa. Nia moja: nyumba ya mhitaji isiuzwe.

Ijumaa, 10 Septemba

Mama amefunga. Amekaa bila hata maji, akiomba nyumba isiuzwe, huku akipiga deki nyumba iuzwe. Nilimtazama akisugua vigae vya bafuni kwa mswaki, midomo ikienda. Mgongo wake haukunyooka alipoinuka. Akalala hapohapo kwenye ukingo wa bafu, dakika chache, kisha simu ikamwita kazini.

Nilitaka kumwambia. Nilifika hadi mlangoni. Niliijaribu sentensi moyoni. Ilianza vizuri, lakini haikuwa na mwisho.

Mimi pia nimefunga. Mpaka saa sita. Mandazi yalikuwa mezani peke yao.

Jumamosi, 18 Septemba

Wafanyakazi wa manispaa walishaliondoa tawi wiki iliyopita. Wanunuzi wanaruhusiwa kuingia wachache wachache, na sisi tunatakiwa tusiwepo, maana dalali anasema mnunuzi akimwona mwenye nyumba anashindwa kujiona yeye humo. Kwa hiyo tulikaa ndani ya gari, ng'ambo ya barabara, barakoa usoni, tukiilinda nyumba yetu wenyewe kama wezi. Baba aliinama kila dalali alipotazama upande wetu.

Nilikuwa na darubini ya Cheryl. Daktari wa meno, mwanamke, peke yake: aligonga kuta zote kwa kidole kama anatafuta jino bovu. Kisha mume na mke wenye viatu vya kukimbilia. Walisimama chumbani mwangu muda mrefu. Mume alinyoosha mikono akipima.

Dalali alipokuja garini kutoa ripoti alifurahi sana. Yule bwana anakipenda kile chumba cha vioo. Anataka kuweka mashine ya kukimbilia.

Mashine ya kukimbilia! Mtu akimbie bila kwenda popote, mahali ambapo mimi nimekwenda kila mahali nikiwa nimelala!

Mama aliuliza mnada wa Jumamosi ijayo utakuwaje, kwa kuwa watu hawaruhusiwi kukusanyika. Dalali akasema utafanyika kwa Zoom, na asiwe na hofu: wanunuzi wachache tu, pole pole, kimya. Alisisitiza kimya. Kelele, alisema, huwafukuza watu wenye pesa.

Nilishusha darubini.

Nawajua watu wasioweza kukaa kimya. Ninayo orodha nzima. Mimi ndiye ninayewazimia maikrofoni.

Jumatano, 22 Septemba

Leo sikutuma chochote kwenye kisanduku. Nilifanya jambo gumu zaidi: nilisema. Ushirika ulipokwisha, Mama alipokwenda kujiandaa kwa zamu, nilimwambia Mama Aketch kwamba namhurumia Mama. Siku kubwa kama hiyo, atakuwa peke yake mbele ya wageni.

Ilitosha. Watu wetu hawamwachi mtu peke yake. Tangu mipaka ifungwe tumezika kwa Zoom, tumepeleka posa kwa Zoom, watu wamesimama na suti kwa juu na bukta kwa chini. Mama Aketch alishika kifua. "Peke yake! Jerusha mwanangu, sisi tuko wapi? Leta hiyo linki, tumsindikize mama yako!"

Nikampa. Dakika chache baadaye ilikuwa imefika Blacktown, St Marys, Brisbane, na kwa dada yake Eldoret.

Dalali alikuwa ameandika kwamba yeyote anaweza kutazama. Wanaotaja dau tu ndio waliojiandikisha kwake. Nimesoma masharti yote. Mimi ni mtu wa kusoma masharti.

Jumamosi, 25 Septemba

Mnada. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Familia nzima kochini, makochi uchi, kompyuta juu ya meza. Dalali alianza mbele ya vijisanduku vitano. Kisha kengele ya kuingia ikaanza kulia, ikalia, ikalia. Nyuso zikajaa ukurasa, zikafungua ukurasa wa pili, wa tatu. Vilemba. Makoti. Mtoto akinyonyeshwa. Mtu alikuwa barabarani Eldoret, tukasikia pikipiki zikipita. Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena! Mama Jerusha, tuko hapa! Simama imara, dada!

Mama akaziba mdomo. Baba akauliza nani amewaambia. Mimi nilikuwa nasoma lebo ya mto wa kochi.

Dalali alitafuta kitufe cha kuzima sauti. Mimi najua kilipo. Sikuulizwa.

Akakaza tabasamu, akatangaza mnada umefunguliwa. Mkono mmoja ukainuka papo hapo. Mzee Ephraim. Uso wa dalali uling'aa: karibu mzee, dau lako ni kiasi gani? Mzee Ephraim akasafisha koo, akamwambia kwa Kiingereza chake cha shule ya zamani kwamba kijana, jambo zito hivi halianzi bila maombi. Na kabla dalali hajameza mate, akaanza. Kwa Kiswahili. Aliishukuru serikali, akawashukuru wauguzi, akashukuru kwa chapati. Akamwomba Mungu amfunue mnunuzi wa nyumba hii leo, tena asiwe bahili.

Watu wote, kurasa zote: Amina!

Nilisubiri wanunuzi wakimbie. Niliwatazama. Daktari wa meno alikuwa ameinamisha kichwa. Mke wa yule wa mashine alifuta jicho. Lakini mume! Mume alikuwa anahesabu nyuso. Alikuwa amebadilika rangi. Nilielewa baadaye, dalali alipotusimulia: alidhani ni ukoo mmoja, umekuja kuinunua nyumba kwa pamoja.

Akataja dau kubwa kabla hajaombwa. Vigelegele! Daktari wa meno akashtuka, akapanda juu yake. Vigelegele zaidi! Kila dau lilipopanda, Granville ilipiga makofi, Eldoret ikaimba. Kila walipoimba, yule bwana aliona ukoo unajiandaa, akapanda tena. Dalali alikuwa anatiririka jasho. Nilitamani kupiga kelele kwamba hawa hawanunui, hawa wanasindikiza! Sauti ikagoma. Sauti yangu hugoma kwa haki na kwa dhambi vilevile.

Nyundo. Imeuzwa. Mashine ya kukimbilia imeshinda. Bei imepita ile ambayo Baba alikuwa amethubutu kuota.

Mama hakupiga kelele. Alijilaza kochini na viatu vyake, akasema sasa ataomba likizo, akalala. Mchana! Watu wakiimba! Baba alimfunika kwa koti lake, akakaa sakafuni kando ya kichwa chake. Sijawahi kumwona Mama amelala mdomo wazi hivyo, kama mtoto.

Nilisimama hapo. Nikaona nimefurahi, kinyume kabisa cha mpango. Iliudhi.

Jioni dalali alipiga simu. Alikuwa na swali moja: wale watu wana nafasi Jumamosi ijayo? Ana nyumba nyingine, Beecroft.

Jumapili, 26 Septemba

Ibada ya shukrani. Mama alitoa ushuhuda. Mzuri, mfupi, akalia mwishoni. Kisha Mama Aketch akasema, wapendwa, tusisahau ombi la pili. Mhitaji yuko nasi. Tulifunga kwa ajili yake. Kama Bwana ametenda, ajitokeze asitufiche!

Nikaangalia picha yangu mwenyewe kwenye kijisanduku. Niliijaribu sentensi moyoni. Safari hii ilikuwa na mwisho. Nikafungua mdomo.

"Mimi," alisema Mzee Ephraim.

Alisema kwamba amejichunguza. Anaishi katika nyumba ya mwanawe, ambaye hajawahi kufikiria kuiuza. Na tazameni: tangu ushirika uanze kuomba, bado haijauzwa! Hata mtu wa kuulizia bei hajafika!

Haleluya ikapasua spika. Nyumba moja imeuzwa, nyingine imesimama, wiki hiyohiyo! Mama alimlilia Mzee Ephraim kwa furaha. Walikubaliana zamu za sufuria ziendelee mpaka Krismasi, wasimvunje moyo.

Nilifunga mdomo. Cheryl alikuwa ananitazama tena.

Jumatatu, 27 Septemba

Mama ameleta maboksi. Nimekaa chumbani na kulitafakari jambo hili kwa uaminifu, kama mtu anayetaka kujifunza.

Nimeona kosa langu. Sikutaja anwani. Nguvu ilikuwepo, tawi ni shahidi. Ila ombi lisilo na anwani linaangukia nyumba yoyote iliyo karibu. Lilikuwa kosa la uandishi, na uandishi hurekebishwa.

Leo mchana nilifungua kisanduku cha maombi, nikaandika: kuna mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, jina lake Cheryl, wa ukoo wetu, atakayekaa St Marys mwezi Novemba, mwenye kipaji cha kuimba, afunguliwe mlango wa shule ya bweni, yenye kwaya, iliyo mbali, ikiwezekana kule Tasmania kwenye baridi. Niliweka msimbo wa posta. Nikasoma mara mbili, nikatuma.

Kisha nikaenda chumbani kwake, nikamwambia namsaidia kufungasha. Alishangaa, akanishukuru kwa Kiingereza, akanikumbatia. Nikakunja sweta zake zote za baridi, nikaziweka juu kabisa ya boksi, na boksi nikaliacha karibu na mlango.